Nani Mwenye Ruhusa ya Kupunga Pepo? Kanuni ya 1172 na Mamlaka ya Askofu

Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, suala la kupunga pepo limepewa kanuni moja tu, ile ya 1172, yenye vifungu viwili vifupi. Kifungu cha kwanza kinasema kwamba hakuna awezaye kihalali kuwapunga pepo watu waliopagawa asipokuwa amepata kwa Askofu mahalia ruhusa ya pekee na ya wazi. Kifungu cha pili kinamwelekeza Askofu huyo aitoe ruhusa kwa padre tu, tena padre mwenye uchaji, elimu, busara na uadilifu wa maisha. Basi. Kanuni haitaji dalili za mtu aliyepagawa, haitaji sala zitakazosaliwa. Hayo yameachiwa kitabu cha liturujia na nyaraka za Vatikani zilizofuata. Nimesikiliza mijadala mingi juu ya jambo hili, katika jumuiya ndogondogo na nje ya kanisa baada ya Misa, na karibu yote huzunguka swali la nani ana nguvu: padre huyu mapepo yanamwogopa, yule hayamwogopi, mama fulani wa kikundi cha maombi ana karama kuliko wote wawili. Sheria ya Kanisa haiulizi hata mara moja nani ana nguvu.

Inafaa kuyapima maneno ya kanuni polepole. “Hakuna awezaye” ni pamoja na mapadre wenyewe. Paroko aliyewekwa rasmi kuongoza parokia yenye maelfu ya waamini, mwenye mamlaka ya kuungamisha, kubatiza na kufungisha ndoa, hana kwa cheo hicho ruhusa ya kumpunga pepo mtu mmoja katika parokia yake. Ruhusa ni “ya pekee”, maana yake haimo ndani ya daraja la upadre wala ndani ya ruhusa nyingine yoyote aliyokwisha kupewa. Tena ni “ya wazi”, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa ukimya wa Askofu hauhesabiwi kuwa ruhusa. Padre ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwawekea watu mikono na kuwaamuru mapepo yatoke, huku Askofu wake akijua na asiseme neno, bado hajaruhusiwa. Nalo neno “mahalia” lina uzito wake: ruhusa inahusu mahali. Padre aliyeruhusiwa na Askofu wa Moshi hawezi kusafiri na ruhusa hiyo hadi Mwanza kama mtu anayesafiri na leseni ya udereva. Huko atamhitaji Askofu wa huko.

Kwa mujibu wa kanuni ya 134, jina hilo la Askofu mahalia kisheria humhusu Askofu wa jimbo na pia makamu wake. Hata hivyo, kitabu cha ibada ya kupunga pepo kilichoidhinishwa mwaka 1998 na kutolewa hadharani mapema mwaka 1999, kikichukua nafasi ya sura husika ya kitabu cha mwaka 1614 cha Papa Paulo V, kinasema kwamba kwa kawaida mtoaji wa ruhusa awe Askofu wa jimbo mwenyewe. Ruhusa yaweza kuwa ya kudumu, padre akateuliwa kuwa mpunga pepo wa jimbo, au yaweza kuwa ya tukio moja, kwa mgonjwa mmoja, na ikaisha hapo. Kwa vyovyote padre huyo hafanyi kazi yake mwenyewe. Anaifanya chini ya uongozi wa Askofu.

Mpangilio huu si wa karne ya ishirini. Papa Kornelio, katika barua yake ya mnamo mwaka 251 kwa Fabio, Askofu wa Antiokia, aliwahesabu wahudumu wa Kanisa la Roma na kutaja mapadre 46, mashemasi 7, na wapunga pepo, wasomaji na wangoja mlango 52 kwa jumla. Wakati huo, basi, wapunga pepo walikuwa kundi linalojulikana. Lakini mwaka 416 Papa Inosenti I alipoulizwa na Askofu Desensio wa Gubbio kuhusu Wakristo waliobatizwa kisha wakapagawa, alijibu kwamba padre au shemasi asiwawekee mikono isipokuwa kwa agizo la Askofu. Kuanzia hapo mambo mawili yalikwenda sambamba kwa namna ya ajabu kidogo. Upande mmoja, “mpunga pepo” lilibaki kuwa daraja dogo ambalo kila mseminari alipitia akielekea upadre; upande mwingine, kila mwenye daraja hilo alikatazwa kulitumia bila ruhusa. Kanuni ya 1151 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotangulia hizi za 1983, inalisema hilo bila kuona haya: hata mwenye uwezo wa kupunga pepo hawezi kuutumia kihalali pasipo ruhusa ya pekee na ya wazi. Papa Paulo VI aliliondoa daraja hilo tarehe 15 Agosti 1972. Leo hakuna aliyewekwa wakfu kuwa mpunga pepo. Kuna padre aliyeruhusiwa, na asiyeruhusiwa.

Ukilinganisha kanuni hiyo ya mwaka 1917 na ile ya mwaka 1983 utaona tofauti ndogo ambayo mimi naiona kuwa kubwa. Sheria ya zamani ilitaka padre awe na uchaji, busara na uadilifu wa maisha. Sheria mpya imeongeza elimu.

Sijui namna bora ya kueleza uzito wa nyongeza hiyo kuliko kukumbuka yaliyotokea Ujerumani. Anneliese Michel, binti wa familia ya Kikatoliki ya Klingenberg katika jimbo la Bavaria, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa ametibiwa kifafa kwa miaka kadhaa kabla yeye na wazazi wake hawajaamini kwamba amepagawa. Mwezi Septemba 1975 Askofu Josef Stangl wa Würzburg alitoa ruhusa. Mapadre wawili, Arnold Renz na Ernst Alt, walihusika, na kwa takribani miezi kumi ibada ya kumpunga ilifanyika mara 67 kwa kufuata kitabu cha mwaka 1614. Anneliese aliacha kula. Alifariki dunia tarehe 1 Julai 1976 akiwa na umri wa miaka 23, mwili umedhoofu kwa njaa na ukosefu wa maji. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadre wote wawili kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, ikawapa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Ilionekana kwamba daktari alipaswa kuitwa na hakuitwa.

Jambo la kutisha katika kisa hicho ni kwamba kifungu cha kwanza cha sheria kilitimizwa. Ruhusa ilikuwepo, ya pekee na ya wazi, kutoka kwa Askofu mwenye haki ya kuitoa, na mapadre hawakuwa matapeli. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaodhani kwamba saini ya Askofu peke yake inamaliza jambo. Kanuni ya mwaka 1917 yenyewe, iliyotumika wakati huo, ilikuwa imeagiza kwamba padre asianze kupunga pepo mpaka uchunguzi makini na wa busara umethibitisha kuwa mtu amepagawa kweli. Kitabu cha 1614 nacho, katika maelekezo yake kwa mpunga pepo, kilimwonya asiamini upesi. Kitabu cha 1998 kimeenda mbele zaidi: dalili zilizozoeleka, kama vile kusema kwa ufasaha lugha ambayo mtu hajapata kujifunza, kufichua mambo ya mbali au yaliyositirika, na kuonyesha nguvu zinazopita umri na hali ya mwili wake, zinahesabiwa kuwa vidokezo tu. Padre anatakiwa aridhike kwanza, ikibidi kwa kuwasikiliza wataalamu wa tiba na wa magonjwa ya akili wenye kuelewa mambo ya kiroho, na kwa kadiri iwezekanavyo awe na ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1673, inasema vivyo hivyo: ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo jingine, na kuutibu ni kazi ya sayansi ya tiba.

Sasa niwageukie walei, yaani waamini wasio na daraja takatifu, maana huku kwetu ndiko sheria inakovunjwa zaidi, mara nyingi kwa nia njema. Tarehe 29 Septemba 1985 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa liliwaandikia maaskofu barua fupi iliyosainiwa na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Barua ilieleza kwamba vikundi vya sala za kuomba ukombozi kutoka kwa mashetani vilikuwa vimeongezeka, vingine vikiongozwa na walei hata mbele ya padre. Ikakumbusha kanuni ya 1172, kisha ikakataza mambo mawili. Kwanza, waamini wasitumie sala ya kupunga iliyotolewa kwa amri ya Papa Leo XIII dhidi ya Shetani na malaika walioasi, iwe nzima au sehemu yake. (Sala fupi kwa Malaika Mkuu Mikaeli, ambayo wengi wetu huisali baada ya Rozari, ni sala nyingine, na hakuna aliyeikataza.) Pili, wasio na ruhusa wasiongoze mikutano ambamo mashetani huulizwa maswali moja kwa moja na kutakiwa kujitambulisha, na makatazo haya yanahusu hata pale ambapo hakuna aliyepagawa kweli bali panaonekana tu kuwa na nguvu fulani ya kishetani.

Katazo hilo la pili nataka kukaa nalo kidogo. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkesha wa maombi anajua mtindo: msichana anaanguka, anagaagaa, kiongozi anamwinamia na kuuliza kwa sauti kubwa, “Wewe ni nani? Umetoka wapi? Nani amekutuma?” Na sauti hujibu. Hujibu kwamba imetumwa na shangazi, au mke mwenza, au jirani mwenye duka. Tangu usiku huo shangazi ana jina la uchawi na ukoo umegawanyika, na yote hayo kwa ushahidi wa nani? Injili ya Yohane inamwita Ibilisi baba wa uongo. Kama ni kweli kwamba pepo ndiye aliyesema, basi shahidi huyo hana haki ya kuaminiwa. Na kama si pepo, ni msichana mgonjwa aliyechoka, anayerudia yale aliyoyasikia yakinong’onwa nyumbani. Katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mikutano ya namna hii si mchezo wa kiroho. Kitabu cha 1614, ni kweli, kilimruhusu mpunga pepo kuuliza jina, idadi, wakati na sababu ya pepo kuingia, lakini huyo alikuwa padre aliyeruhusiwa, na kitabu hichohicho kilimkataza maneno mengi na maswali ya udadisi. Sisi tumeuchukua udadisi tukaiacha ruhusa.

Hapo mtu atanijibu kwa Injili ya Marko 16:17, ambapo Bwana anasema kwamba walioamini watatoa pepo kwa jina lake, na ataongeza kisa cha Marko 9:38, cha mtu aliyekuwa akitoa pepo bila kufuatana na mitume, naye Yesu akakataa azuiwe. Hoja hiyo ina nguvu, wala sidhani kama inafaa kupuuzwa kwa kusema tu kwamba Kanisa limeamua. Jibu la Kanisa, kadiri ninavyolielewa, ni kwamba kuna tofauti kati ya Mkristo anayemwomba Mungu amwokoe ndugu yake na yule mwovu, na mtu anayesimama kwa niaba ya Kanisa zima akimwamuru mwovu atoke. La kwanza ni haki ya kila mbatizwa. La pili ni tendo rasmi la liturujia, ni kisakramenti (ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa), na matendo yafanywayo kwa jina la Kanisa hayawi mali ya mtu binafsi hata akiwa na karama kubwa kiasi gani. Matendo ya Mitume 19 ina habari za wana saba wa Skewa, waliolitumia jina la Yesu juu ya mtu mwenye pepo pasipo kutumwa, wakatoka mbio uchi na majeraha mwilini.

Barua ya 1985 haikuishia kwenye makatazo. Iliwataka maaskofu wasiwazuie waamini kusali ili waopolewe maovuni, kama Yesu alivyotufundisha katika Baba Yetu, wakikimbilia pia maombezi ya Bikira Maria, malaika na watakatifu. Kitabu cha 1998 kina nyongeza yenye sala ambazo mwamini yeyote anaweza kuzitumia binafsi anaposhambuliwa na nguvu za giza. Vilevile kuna zile sala ndogo za kupunga zinazotumika kwa wakatekumeni, ambazo husaliwa na padre au shemasi, na hata katekista anayefaa aliyepewa jukumu hilo na Askofu. Hizo hazimhesabu mkatekumeni kuwa mtu aliyepagawa. Ni sehemu ya safari yake kuelekea Ubatizo. Kwa hiyo si kweli kwamba mlei ameachwa mikono mitupu.

Tarehe 14 Septemba 2000 Baraza hilohilo lilitoa maagizo juu ya sala za kuombea uponyaji. Yanasema kwamba huduma ya kupunga pepo itolewe kwa kumtegemea kabisa Askofu wa jimbo, kwamba sala za kupunga zitenganishwe na ibada za uponyaji, na kwamba ni marufuku kabisa kuziingiza katika Misa, katika sakramenti nyingine au katika Liturujia ya Vipindi (sala rasmi za Kanisa za nyakati za siku). Afrika ilikuwa na historia yake katika jambo hili. Emmanuel Milingo, Askofu Mkuu wa Lusaka tangu 1969, alianza mwaka 1973 ibada za kuponya na kutoa pepo zilizovuta umati; mwaka 1982 aliitwa Roma, na mwaka uliofuata akaachia ngazi. Kisheria kisa chake ni cha pekee, kwa sababu alipokuwa Lusaka yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa Askofu mahalia, hivyo lawama haikuweza kuwa ya kukosa ruhusa ya mtu mwingine. Alipohamia Roma akawa Askofu Mkuu asiye na jimbo, na katika jimbo lolote la Italia kanuni ya 1172 ilimhusu kama inavyomhusu padre mwingine. (Ndoa yake ya mwaka 2001 na kutengwa kwake na Kanisa mwaka 2006, baada ya kuwaweka wakfu maaskofu wanne waliooa, ni habari nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hii.) Tanzania nayo inamkumbuka Padre Felician Nkwera wa Jimbo la Njombe na Wanamaombi, wafuasi wake wa huduma ya maombezi, ambao kituo chao cha Riverside, Ubungo, kimejulikana na wakazi wengi wa Dar es Salaam, na ambao mgogoro wao na maaskofu ulidumu miaka mingi. Wafuasi waliona karama inazimwa. Maaskofu waliona utii unavunjwa.

Lawama yangu kwa sheria hii, kama inaruhusiwa, iko upande mwingine. Kanuni ya 1172 inampa Askofu mamlaka ya kuruhusu, lakini haimlazimishi kumteua mtu. Jimbo linaweza kukaa miaka mingi bila padre hata mmoja aliyeandaliwa, na sheria ikawa haijavunjwa. Wakati huohuo familia yenye mgonjwa haisubiri. Inafika parokiani, inaambiwa kwamba jambo hili ni la Askofu, haielezwi namna ya kumfikia, na Jumamosi ijayo imekwisha kwenda kwa nabii wa mtaani au kwa mganga. Kitabu cha 1998 kinasema wazi kwamba hata yule anayedhani amerogwa au amelaaniwa, na ambaye padre anaona hakupagawa, asinyimwe msaada wa kiroho: asipungwe, lakini asaliwe sala nyingine zinazofaa. Naona paroko anayemrudisha mtu kama huyo bila baraka wala miadi ya kuonana tena anaitii nusu ya sheria.

Kuna pia suala la kamera. Kitabu cha ibada kinataka kupunga pepo kusigeuzwe tamasha. Vyombo vya habari haviruhusiwi ibada inapoendelea, na hata baada yake padre na waliohudhuria wanatakiwa kutunza siri. Watu waliokaribishwa kusali pamoja wanaruhusiwa kusali, ila wasitumie wenyewe maneno ya kupunga, yawe ya kumwomba Mungu au ya kumwamuru shetani, kwa kuwa hayo ni ya padre peke yake. Siku hizi, simu zikiwa mikononi mwa wote na picha za watu wakigaagaa zikisambazwa kabla mgonjwa hajainuka sakafuni, sharti hili ndilo ninalotamani lisomwe mimbarani. Binti wa watu ataolewa, atatafuta kazi, na video ile itakuwa bado inazunguka.

Limebaki swali ambalo katika pwani yetu haliepukiki: ikiwa anayeletwa ni Mwislamu, au Mlutheri, au mtu asiye na dini? Kanuni ya 1152 ya mwaka 1917 ilitamka kwamba anaweza kupungwa pepo hata asiye Mkatoliki, na hata aliyetengwa na Kanisa. Sheria ya 1983 haikulirudia jambo hilo, lakini kitabu cha 1998 kinaelekeza kwamba kesi ya asiye Mkatoliki, pamoja na kesi nyingine zilizo ngumu, ipelekwe kwa Askofu wa jimbo, naye kwa busara anaweza kuwasikiliza wataalamu kabla hajaamua. Padre mwenye ruhusa ya kudumu, ambaye kwa mgonjwa Mkatoliki angeweza kuamua mwenyewe, hapa analazimika kurudi kwa Askofu wake na kuuliza upya.